Kujifunza kwa Intaneti: Somo la Kusomwa Pamoja



Mwezi huu twaleta somo juu ya jambo linalozungumzwa katika kila nyumba yenye mtoto wa shule, nalo ni kujifunza kwa njia ya intaneti. Wako wazee wasemao, "Simu imewaharibu watoto wetu." Wako vijana wasemao, "Siku hizi mwalimu yumo mkononi, shule ya nini?" Maneno haya twayasikia Puma, twayasikia Sepuka, twayasikia Ikungi penyewe kando ya barabara kuu. Kwa maoni yetu wazee hao na vijana hao wamekosea jambo moja: wametazama chombo tu, wala hawakutazama watu wanaokizunguka. Kwa maana mafundisho yatokayo mbali si jambo geni katika nchi hii. Yamekwisha kuja kwa posta, yakaja kwa redio, na kila mara yalizaa matunda pale tu watu walipoketi pamoja kuyapokea. Hilo ndilo tutakalo kulionyesha. Lakini kwanza tuyatazame yaliyokwisha kubadilika kwetu.

Bawabu wa mlangoni

Mtu akisikia habari ya elimu ya mtandao, aghalabu humfikiri mwalimu asemaye ndani ya kioo. Lakini kwa mtoto wa Ikungi intaneti haikuja kwanza kama mwalimu. Ilikuja kama bawabu, ikaketi mlangoni pa shule. Matokeo ya mitihani ya taifa Baraza la Mitihani huyatoa kwa mtandao, na mwenye simu janja aliye Minyughe aweza kuyaona saa ile ile anayoyaona mtu wa Dar es Salaam. Zamani mtoto alingoja karatasi zifike, akatembea mpaka shuleni kutazama ubaoni. Majina ya waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza na cha tano hutolewa na TAMISEMI kwa njia hiyo hiyo, pamoja na maelekezo ya sare, godoro na vifaa. Mwaka 2010 Tume ya Vyuo Vikuu ilianza kupokea maombi ya vyuo kwa mtandao, na ijapokuwa utaratibu umebadilika tangu hapo, na sasa kila chuo hupokea maombi yake chenyewe, zile bahasha za kupeleka posta hazikurudi tena. Maombi ya fedha kutoka Bodi ya Mikopo ni vivyo hivyo. Na humo mwombaji hutakiwa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na uhakiki huo nao hufanywa kwa mtandao.

Faida yake ni kubwa, wala haifai kuidharau. Safari nyingi zimepungua, na nauli zake. Lakini angalieni upande wa pili. Mtoto wa mkulima wa alizeti aweza kufaulu vema kabisa, kisha akakosa mkopo kwa sababu ya herufi moja. Majina yetu ya Kinyaturu kila karani huyaandika kwa namna yake: huyu aweka gh, yule aweka g peke yake, wa tatu asikia h. Binadamu akiyatazama majina hayo mawili ajua kwamba ni mtu mmoja. Mashine haijui, kwake hao ni watu wawili, nayo humrudisha mwombaji nyuma. Basi jambo hili lataka kuangaliwa mapema, mtoto angali darasa la tano au la sita, wala si wiki ya mwisho ya maombi.

Tena liko jambo la steshenari. Mwanafunzi asiye na kompyuta huenda dukani, na kijana wa pale humjazia fomu, humfungulia barua pepe, humtungia neno la siri, na pengine huandika namba ya simu yake mwenyewe mahali pa namba ya mwanafunzi. Kazi imekwisha, fedha imelipwa, mwanafunzi amerudi nyumbani kwa furaha. Baada ya miezi kadhaa atakiwa kuingia tena ili kusahihisha jambo, na neno la siri hakuna alijuaye. Na yule kijana amekwisha kuhamia Manyoni. Hatusemi kwamba watu wa steshenari ni wabaya. Wengi wao wamewasaidia watoto wetu kwa uvumilivu, na bila wao wengi wangalikwama. Twasema kwamba mlango wa mtoto wako usifunguliwe kwa ufunguo unaokaa mfukoni mwa mtu mwingine. Mzazi au ndugu mkubwa aende naye, aketi kando yake, hata kama yeye mwenyewe hajui kompyuta. Namba ya simu iwe ya nyumbani. Neno la siri, namba ya mtihani na risiti ya malipo viwekwe katika daftari moja, na daftari hilo litunzwe mahali vinapotunzwa vyeti.

Mafundisho yenyewe

Sasa tuje kwa mwalimu wa ndani ya kioo. Kabla ya mwaka 2009 intaneti ya nchi yetu ilipita angani kwa setilaiti, nayo ilikuwa ghali na ya polepole. Julai 2009 waya wa SEACOM, uliolazwa chini ya bahari, ulifika Dar es Salaam. Mwaka 2010 ukafuata ule wa EASSy. Serikali ikatandaza Mkongo wa Taifa kwenda mikoani, na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ukasaidia kusimamisha minara vijijini, mahali ambapo kampuni za simu hazikuona faida ya kwenda. Hivyo yale yaliyokuwa ya mjini yakaanza kufika kwetu, ijapokuwa hata leo yako mabonde ambayo mtu hupanda kichuguu ili apate mtandao.

Na mna nini humo kwa mwanafunzi? Vitabu vya kiada vya shule zetu vimo katika Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Masomo ya sekondari yanayofuata mtaala wetu yametengenezwa na Shule Direct, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Bi. Faraja Nyalandu. Watoto wadogo wanazo hesabu za Ubongo Kids, zilizoanza kuonyeshwa mwaka 2014, kwa Kiswahili na kwa nyimbo. Mwalimu wa shule ya msingi atakaye shahada hana haja ya kuacha darasa lake: Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo Singida mjini, na vitabu vyake, ambavyo zamani vilipelekwa vimechapwa, siku hizi husomwa kwa mtandao.

Faida moja ya mafundisho haya haina mfano, nayo ni kwamba husimamishwa na kurudiwa. Mwalimu wa darasa lililojaa hawezi kueleza jambo moja mara saba kwa ajili ya mtoto mmoja. Kioo kitaeleza mara saba wala hakitakunja uso.

Lakini iko ngazi ambayo kila mtoto wetu hupaswa kuipanda. Nyumbani husema Kinyaturu. Shule ya msingi hufundishwa kwa Kiswahili. Akifika kidato cha kwanza aambiwa, tangu leo masomo ni kwa Kiingereza. Naye akifungua intaneti akutana na bahari ya Kiingereza, tena kingine ni cha Wahindi na kingine cha Wamarekani, wasemao upesi kama mvua ya bati. Mtoto aliyeelewa vema usanisinuru katika darasa la sita, yaani jinsi jani linavyojitengenezea chakula kwa nuru ya jua, hujiona mjinga mbele ya video iliyo na habari ile ile aijuayo. Hapo asipokuwapo mtu wa kumwambia, "Ndugu yangu, hili walijua tayari, jina tu limebadilika," huifunga video ile na kufungua ya mpira.

Miezi ile ya mwaka 2020

Jambo hili lilipimwa wazi mwaka 2020. Tarehe 17 Machi serikali ilitangaza kuzifunga shule kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Wanafunzi wa kidato cha sita na wa vyuo walirudi tarehe 1 Juni, na waliobaki tarehe 29 Juni. Katika muda huo masomo yalipelekwa kwa redio, kwa televisheni na kwa mtandao, na walioyatengeneza walifanya kazi njema kwa haraka. Katika miji, mtoto mwenye kompyuta, baba mwenye fedha ya bando na mama aliyesoma hakupoteza mengi. Kwetu ulikuwa wakati wa mavuno ya uwele na mtama. Watoto walivuna, walichunga, walifukuza ndege. Hatuwalaumu wazazi, kwa maana mavuno hayangoji. Twataka tu lijulikane kwamba somo lilipita hewani juu ya vichwa vya watoto, na katika nyumba nyingi hapakuwa na mtu wa kulikamata.

Mtu atasema kwamba walikosa vyombo. Ni kweli, walikosa. Lakini je, wenye vyombo wasomapo peke yao hufika mwisho? Swali hili limechunguzwa. Mwaka 2012 vyuo vikubwa vya Marekani vilianza kutoa masomo ya bure kwa mtandao, na watu wengi walitabiri kwamba sasa maskini wa dunia nzima watasoma sawasawa na matajiri. Mwaka 2019 watafiti wawili, Justin Reich na José Ruipérez-Valiente, waliandika katika jarida la Science habari za masomo ya Harvard na MIT. Katika waliojiandikisha mwaka wa 2017 hadi 2018, waliomaliza walikuwa kama 3 katika kila 100. Na walio wengi wa wasomaji hao walikuwa watu wa nchi zenye mali. Mafundisho yalikuwa mazuri, waalimu walikuwa hodari, mlango ulikuwa wazi, hata hivyo watu waliingia mmoja mmoja, wakatoka mmoja mmoja, pasipo mtu wa kuwauliza, "Mbona jana hukuja?"

Redio chini ya mwembe

Sasa tulinganishe na jambo lililofanyika katika nchi yetu wenyewe, nalo wazee wetu wengi walikuwamo. Mwaka 1973 serikali iliendesha mafunzo yaliyoitwa Mtu ni Afya. Chombo kilikuwa redio, ambayo haiwezi kusimamishwa wala kurudiwa, wala haina picha. Tena katika kijiji redio zilikuwa chache. Lakini kabla ya sauti ya kwanza kutoka, viongozi wa vikundi walikwisha kufundishwa katika nchi nzima, na vijitabu vilikwisha kuchapwa na kugawanywa. Watu waliketi kwa vikundi kwa muda wa majuma 12: walisikiliza kipindi pamoja, mmoja akawasomea wengine kijitabu, kisha wakaulizana, "Haya ya malaria na ya vyoo, kwetu yako namna gani?" Ndipo walipoondoka na majembe, wakachimba. Watu kama 2,000,000 walishiriki mafunzo hayo. Wengi wao hawakujua kusoma.

Tazameni tofauti. Wale wa Harvard na MIT walikuwa na chombo bora kuliko redio kwa kila kipimo. Wazee wetu walikuwa na chombo duni, na jirani. Mtu aliyekosa kufika juma hili aliulizwa juma lijalo. Asiyesikia vema alielezwa na mwenzake kwa lugha ya nyumbani. Aibu ya kutojua haikumkaa mtu mmoja, maana wote walikuwa wanafunzi.

Twajua mtasema kwamba yale yalikuwa mambo ya watu wazima na vyoo, wala si hesabu na fizikia. Basi chukueni mfano ulio karibu zaidi. Kati ya mwaka 2017 na 2019, katika vijiji 170 vya mkoa wa Tanga, watoto wapatao 2,700 walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili na hesabu, katika shindano lililoitwa Global Learning XPRIZE. Wengi wa watoto hao hawakuwahi kwenda shule. Hawakupewa mwalimu; walipewa kishikwambi na mahali pa kukichaji kwa nguvu za jua. Kabla ya kuanza, zaidi ya watoto 90 katika 100 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 hesabu ya wasioweza ilipungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 washindani wawili, Kitkit School na onebillion, waligawana zawadi ya dola 10,000,000.

Twalistaajabia jambo hili, na kila asemaye kwamba kioo hakiwezi kufundisha lolote hana budi kulijibu. Lakini twauliza pia habari za ile nusu nyingine. Miezi 15, chombo kizuri mkononi, lugha waijuayo, na bado hawakuweza kusoma neno. Hao ndio watoto waliomhitaji mtu. Na katika darasa lolote la Ikungi wamo.

Waalimu wenyewe wamelijua hili. Baada ya sensa ya mwaka 2022 vishikwambi zaidi ya 200,000 vilivyotumika kuwahesabu watu viligawiwa kwa ajili ya kazi ya elimu, na waalimu wengi wakavipata. Tena uko mpango uitwao MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu kwa Walimu Kazini, ambao ndani yake walimu wa shule moja hukaa pamoja katika jumuiya ya kujifunza, wakatazama mada iliyoandaliwa, wakasaidiana mahali penye ugumu. Ikiwa mwalimu, mtu mzima aliyekwenda chuo, ahitaji mwenzake kando yake ili ajifunze kwa chombo, je, mtoto wa miaka 14 ataweza peke yake gizani chini ya blanketi?

Sauti ikatikapo

Yapasa tuongeze neno moja juu ya udhaifu wa vitu vitokavyo mbali. Wasomaji wetu walio wazee wakumbuka Sauti ya Injili, redio ya Walutheri iliyojengwa Addis Ababa na kuanza kazi mwaka 1963. Vipindi vyake vya Kiswahili vilitengenezwa Moshi, wala havikuwa mahubiri tu. Sehemu kubwa ya kazi ya redio ile ilikuwa habari na elimu. Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilikitwaa kituo kile, na sauti waliyoizoea watu ikakoma. Na karibuni, Mei 2024, nyaya mbili za baharini, zile zile za SEACOM na EASSy, zilikatika upande wa kusini, na intaneti ya Tanzania ikazorota kwa siku kadhaa. Hatuna haja ya kwenda mbali hivyo: umeme ukikatika Ikungi jioni moja, au bando likiisha, shule ya mkononi imefungwa. Kwa hiyo atakayejifunza kwa mtandao aandike katika daftari. Video ipakuliwe ikae ndani ya simu, isitazamwe tu ikapita. Kilicho katika daftari hakikatiki.

Akili ya mashine, na bibi

Tangu Novemba 2022, ilipotolewa ile iitwayo ChatGPT, dunia imepata mashine zinazojibu swali lolote kwa maneno yaliyopangwa vema. Wengine waziita akili unde, wengine akili mnemba. Mwanafunzi ampa mashine swali la mwalimu, mashine yaandika jibu, mwanafunzi alinakili. Mwalimu aona kazi safi, lakini mtoto hakujifunza ila kunakili. Na mara nyingine mashine hukosea kwa sauti ya mtu mwenye hakika, na mtoto asiyejua hana njia ya kutambua.

Hata hivyo hatusemi itupwe. Kwa mwanafunzi asiye na kitabu cha ziada, kitu kinachoweza kueleza upya kwa maneno mepesi, tena kwa Kiswahili, ni msaada. Twapendekeza kipimo kimoja ambacho mzazi yeyote aweza kukitumia, hata asiyejua kusoma. Mtoto akimaliza, mwambie afunge simu, aketi karibu na bibi yake, amweleze kwa Kinyaturu alichojifunza. Akiweza kumwambia bibi kwa nini chuma hushika kutu, au riba ni nini na kwa nini deni hukua, basi ameelewa. Akianza kutafuta maneno ya Kiingereza na kukwaruza kichwa, arudi tena. Bibi naye atauliza maswali ambayo mashine haikuyafikiri.

Simu ni ya nani?

Tumesema juu ya nyumba yenye simu. Lakini katika nyumba nyingi simu janja ni ya baba, au ya kaka mkubwa. Mvulana huipata jioni. Binti wakati huo yuko kisimani, kisha yuko jikoni, kisha aosha vyombo. Na zamu yake ifikapo, chaji imekwisha au mwenye simu amelala. Basi msomaji asishangae akisikia kwamba intaneti imewainua wavulana wa nyumba moja na kuwaacha dada zao pale pale. Chombo hakibagui, kazi za nyumbani ndizo zinazobagua, na hizo zagawanywa na sisi.

Tena wako mabinti walioacha shule kwa sababu ya mimba. Kwa miaka mingi mlango wao ulifungwa. Novemba 2021 serikali ilitoa waraka wa kuwaruhusu kurudi shuleni, na kwa wale wasioweza kurudi katika madarasa ya kawaida, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina njia ya kusoma sekondari nje ya shule, kwa muda ulio mfupi kuliko kawaida. Kwa mama kijana mwenye mtoto mgongoni, masomo ya simu yangeweza kuwa daraja: asikilize mtoto alalapo, aandike, kisha aende kituoni na maswali yake. Lakini nani amemwambia kwamba njia hiyo ipo? Wengi hawajaisikia, na aibu yawazuia kuuliza.

Jinsi ya kuliunda kundi

Kwa hiyo twashauri kila kijiji chenye mtandao kiwe na kundi la kusoma. Wanafunzi hawaruhusiwi kwenda na simu shuleni, na twaona sababu yake. Kwa hiyo mahali pafaapo ni nyumbani kwa mtu au katika jengo la usharika, siku isiyo na mazoezi ya kwaya. Watu wanane au kumi watosha. Simu moja au kishikwambi kimoja chatosha, na bando moja likichangwa na nyumba nane si mzigo kwa yeyote. Mmoja aliye mahali penye mtandao mzuri apakue somo mapema, ili saa ya kundi isiliwe na kungoja.

Kiongozi si lazima awe mwalimu. Awe mtu ajuaye kusoma, asiyeona haya kusema, "Hili silijui, tukaulize." Kwanza kabla ya kuwasha, wanafunzi waseme wanalolijua tayari juu ya somo hilo, kwa lugha yoyote. Kisha wasikilize dakika 10, wala si zaidi. Wasimamishe, na mmoja aeleze kwa Kiswahili. Maneno mapya ya Kiingereza yaandikwe. Kisha waifanye mitihani ya miaka iliyopita juu ya jambo hilo hilo, kila mtu katika daftari lake, simu ikiwa imegeuzwa kifudifudi. Swali lisilojibika liandikwe pembeni, na kesho yake lipelekwe kwa mwalimu wa shule. Na waalimu hufurahi kuletewa swali lililokwisha kufanyiwa kazi.

Saa ya kundi iwekwe kwa kuwafikiria mabinti. Ikiwa jioni wako kisimani, basi kundi likutane alasiri ya Jumamosi, au kaka zao wachukue ndoo siku hiyo. Jambo hili la ndoo laweza kuonekana dogo kuliko nyaya za baharini, lakini kwa maoni yetu ndilo litakaloamua nani atasoma.

Maswali ya kuzungumza

Katika jumuiya yenu zungumzeni haya. Je, katika mtaa wenu yuko mtoto wa darasa la sita au la saba ambaye jina lake katika cheti cha kuzaliwa halipatani na jina lake shuleni, na nani ataketi naye kulisahihisha kabla ya mwaka kwisha? Simu janja ngapi zipo katika nyumba za jumuiya hii, na ipi yaweza kutolewa kwa saa moja kila juma? Nani kati yenu aliwahi kuketi katika kundi la Mtu ni Afya mwaka 1973, naye awaeleze vijana jinsi ilivyokuwa? Na yuko binti gani hapa kijijini aliyeacha shule, ambaye hakuna aliyekwenda kwao bado kusema na wazazi wake?